Bingwa wa moyo na kisu: maswali ya wasomaji

SWALI: Mama yangu ana miaka 61, presha na kisukari. Amepewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akamwone bingwa wa moyo. Ndugu wameshasema atapasuliwa, naye amegoma. Huyo bingwa amesomea nini, na twende na nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwanza mtoeni hofu. Bingwa wa magonjwa ya moyo na mpasuaji wa moyo ni watu wawili. Wa kwanza husomea udaktari miaka 5, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, kisha ubingwa wa magonjwa ya ndani, na baada ya hapo ndipo hubobea kwenye moyo. Mpasuaji hupitia njia ya upasuaji. Taasisi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, inao wote, labda ndiyo maana watu huwachanganya.

Siku ya kwanza ni maswali, presha na ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo: vibandiko 6 kifuani, vingine kwenye mikono na miguu, na mgonjwa atulie tuli. Nyaya za mikono zikibadilishana upande, karatasi huonyesha ugonjwa usiokuwepo, hivyo msishangae kipimo kikirudiwa. Kisha huja eko, yaani ultrasound ya moyo: jeli kifuani, picha kwenye skrini, hakuna maumivu. Humo husomwa asilimia ya damu ambayo moyo unasukuma kila pigo. Kuanzia 55 ni kawaida. 40 kushuka chini, moyo umedhoofika.

Mishipa ya moyo ikishukiwa kuziba, bingwa huyohuyo anaweza kupitisha mrija wenye unene wa milimita 2 hivi kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena hadi kwenye moyo, akamwaga dawa ya rangi na kutazama kwa eksirei. Ganzi huchomwa hapo tu, mgonjwa yuko macho. Kwa mama mwenye kisukari, hakikisheni figo zimepimwa kabla, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuzielemea, na ulizeni kama metformini, dawa ya kisukari, isitishwe kwa muda. Baadaye mkono uliotobolewa usibebe ndoo kwa siku kadhaa. Ukivuja damu, bonyezeni kwa nguvu bila kuachia na mtafute msaada mara moja.

Bebeni barua ya rufaa, majibu ya zamani na dawa zenyewe na maboksi yake; "kidonge cheupe cha asubuhi" hakimsaidii daktari. Andikeni presha ya siku 7, asubuhi na jioni, baada ya kukaa kimya dakika 5. Na asiache dawa za presha siku ya kliniki eti "ionekane ilivyo": daktari anataka kujua kama dawa zinafanya kazi. Akibanwa kifua kwa nguvu huku jasho linamtoka, msingoje tarehe ya kliniki.

SWALI: Baba aliwekewa stenti (kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa wa moyo uwe wazi) miezi mitatu iliyopita baada ya shambulio la moyo. Anang'olewa jino. Aache aspirini na klopidogreli, dawa zake za kuzuia damu kuganda? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Asiache kwa uamuzi wake wala wa daktari wa meno peke yake. Miezi ya mwanzo stenti bado ni chuma kitupu ndani ya mshipa. Dawa hizo zikikatwa, damu huganda humo na mshipa kuziba ghafla. Baada ya shambulio, kwa kawaida hutumiwa zote mbili miezi 12. Kung'oa jino moja kwa kawaida hakuhitaji kuziacha: damu hudhibitiwa kwa pamba ya kung'ata na nyuzi.