Si kweli kuwa nusu hawaamki

Hapana shekhe, huyo alokwambia nusu ya wanaopasuliwa moyo hawaamki kakutisha bure. Mie muuguzi, haya nayafatilia. Utafiti wa EuroSCORE II, yaani hesabu ya kukadiria hatari ya mtu kufa kwa operesheni ya moyo, uliotoka 2012 ulikusanya wagonjwa zaidi ya 22,000 wa nchi 43, waliofia hospitali ni karibu 4 kwa kila 100, na humo wamo wazee na walioingizwa kwa dharura. Sasa hatari ya bi mkubwa wako anayekwenda kupasuliwa haiwi sawa na ya jirani, daktari huangalia umri, figo, sukari, moyo unasukuma damu kwa nguvu gani, kifua kishafunguliwa kabla au bado, operesheni imepangwa au ya haraka, akishaingiza vyote kwenye hesabu hiyo anapata asilimia yake yeye. Muulizeni namba hiyo kulekule JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar kabla hamjasaini.

Ila hesabu hizo zimetoka zaidi kwa wagonjwa wa Ulaya, kwetu wengi ni vali (vile vilango vya moyo) zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, tena vijana, tena wanafika miguu ishavimba, kwa hivo usiichukulie kama hukumu.

Na meno jamani! Kama ni vali mpelekeni hospitali ya Mnazi Mmoja hapo Unguja yakatazamwe kwanza, jino bovu linapeleka vijidudu mpaka kwenye vali mpya. Akiwekewa vali ya chuma atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha na kupima INR, kipimo cha damu inavyoganda, kila mara, hapo ndo wengi hulegea wakisharudi Unguja.