Gauni la Ubatizo Kutoka Ireland

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mgogo, Mwanglikana, kwetu Mvumi. Mume wangu ni Mwairishi, Mkatoliki, anachimba visima upande wa Bahi. Mtoto wetu ana miezi mitano. Juzi mama mkwe katuma kifurushi: gauni jeupe la ubatizo alilovaa mume wangu na baba yake kabla yake. Mume akasema ni nguo tu, kumbe keshapanga siku na padre! Nilipomuuliza, akasema nilishasaini kabla ya ndoa. Na mama mkwe, tangu asikie mimi ni Mwanglikana, kwenye simu ni salamu tu, basi. Nimemkosea nini? Baba naye ameapa mjukuu wake habatizwi Roma.
Mama Mtoto, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujamkosea kitu. Wewe ukisema Anglikana unamwona bibi yako na kitenge chake cha kwaya. Mkwe wako anamwona mwenye shamba. Kule Ireland wenye ardhi wengi walikuwa wa kanisa hilo, wapangaji wao Wakatoliki, na wapangaji hao hao walitozwa zaka ya kutunza kanisa wasilosali. Ikaongezeka njaa iliyoanza 1845 baada ya ugonjwa kuharibu viazi, watu wapatao milioni 1 wakafa.

Ndoa nazo zikaingizwa humo. Baada ya amri ya Roma iliyoanza kutumika 1908, wanandoa wa mchanganyiko wakawa wanaahidi wote wawili kwamba watoto watakuwa Wakatoliki. Mwaka 1957, katika kijiji cha Fethard-on-Sea huko Ireland, mke Mprotestanti aliyebanwa ampeleke binti yake shule ya Kikatoliki alitoroka na watoto. Wakatoliki wa kijiji wakasusa maduka ya Waprotestanti. Muuza duka kahusikaje na ugomvi wa chumbani kwa watu? Ndiyo hofu ambayo mkwe wako amekua nayo, basi mvumilie kidogo.

Mumeo simvumilii. Masharti yale yalilegezwa 1970: anayeahidi kujitahidi ni Mkatoliki, mwenzake huarifiwa tu. Itoeni karatasi mliyosaini, muisome pamoja mezani. Nadhani mtakuta ahadi ni yake, naye amekubebesha wewe. Gauni halijaniudhi hata kidogo. Kilichoniudhi ni kupanga siku na padre huku mama wa mtoto yuko jikoni anasonga ugali hana habari. Ampigie padre leo aisogeze. Na simu ya mama yake aipokee yeye, amwambie kwa Kiingereza chao mke wake ni nani. Kwa nini maneno ya ukoo wake uyabebe wewe?

Ila na wewe baba yako nimemwona, umemficha kwenye mstari wa mwisho. Huyo ni mzigo wako. Nenda Mvumi umkalishe chini, usimtume mume. Mwambie Roma wanautambua ubatizo wa Kianglikana na Anglikana wanautambua wa Roma, maji hayarudiwi. Mkishafika hapo, nendeni wawili kwa padre, kisha kwa mchungaji, ndipo mchague siku.

Kifurushi usikirudishe juu ya kabati. Mvalishe mtoto, mpige picha, mtumie bibi yake, halafu likunje ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Kwa vumbi letu la Dodoma, likikaa wazi hadi Agosti litakuwa la kahawia.