Mkopo kwa ajili ya viza ya mwekezaji Marekani

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mfanyabiashara wa Mombasa, nataka ukaazi wa Marekani kwa njia ya uwekezaji wa dola 800,000, nami sina fedha zote hizo. Benki itanikopesha kwa rehani ya nyumba yangu. Kaka yangu aliyeko Dubai naye yuko tayari kunikopesha bila nyongeza, ila wakala anashauri tuandike kuwa ni zawadi. Je, yafaa?

JAWABU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Mahakama ya rufaa ya Washington D.C. iliamua mwaka 2020 kwamba fedha za mkopo zinakubalika katika maombi haya, lakini hukumu hiyo haigeuzi riba kuwa halali. Mkopo wa benki wenye nyongeza ni haramu kwako, kwani katika hadithi ya Jabir iliyopokewa na Muslim, Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, mtoaji wake (yaani anayeilipa), mwandishi wake na mashahidi wake wawili, na kuhamia Marekani, kwa mtu anayeishi kwake kwa amani na riziki yake, hakuitwi dharura ya kumhalalishia haramu.

Mkopo wa kaka yako ni karadha njema, na Qur'ani (2:282) imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Kuliandika kuwa zawadi ni uongo kwa serikali unayoiomba ukaazi, na ni dhuluma kwa kaka yako pia: ukifariki kesho, warithi wako watakuwa na karatasi inayomnyima haki yake.

Lipo jambo hukuliuliza, nami naliona zito zaidi. Sheria ya viza hiyo inataka mtaji uwe katika uwezekano wa kupata hasara, bila dhamana ya kurudishwa, hali ya kuwa deni la kaka yako litabaki shingoni mwako hata mradi ukianguka. Basi usilichukue ila una mali nyingine ya kulilipia. Tena, miradi mingi ya aina hii hukusanya fedha za wawekezaji katika mfuko, kisha mfuko huo humkopesha mjenzi kwa riba, na hapo mtu aliyeikimbia riba benki huwa ameifuata mwenyewe katika uwekezaji. Omba mkataba wa mfuko usomewe na mwanasheria pamoja na mwanachuoni kabla ya kutia saini. Ukiwa ni ubia wa kweli katika biashara ya halali, endelea, na ukiwa ni mkopo wa riba, uache hata kama fedha zote ni zako.

Wallahu aalam.