Mkaa wa Handeni: nilivyoacha kuogopa kupiga watu picha

Jumamosi iliyopita alikaa kwenye kiti changu mwanamke aliyewahi kuniliza usiku kucha. Sikumkumbusha. Nilimwambia tu, "Mwalimu, shikamoo, geukia mlangoni kidogo, hapo hapo," nikarudi nyuma hatua moja, nikapiga. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Jioni nikasema leo naandika, maana kila baada ya siku chache napata ujumbe ule ule kwa maneno tofauti. Wa mwisho umetoka kwa kijana wa Mtwara: "Dada, kamera ninayo, lenzi ninayo, maua na machweo napiga vizuri, ila mtu akisimama mbele yangu nahisi kama nataka kumwibia. Wewe ulifanyaje?"

Mdogo wangu, kabla ya kukwambia nilifanyaje, acha nikwambie nilivyoharibu.

Mimi si mpiga picha wa kazi, na sijawahi kudanganya mtu kwamba ni. Nauza kwenye duka la dawa Ngamiani, hapa Tanga, zamu ya asubuhi mpaka saa tisa. Kamera yangu ni Canon 600D niliyoinunua Kariakoo mwaka 2018 ikiwa imeshatumika na mtu hadi kitufe cha kupigia kimeng'aa. Lenzi ni moja tu, ile ya milimita 50, f/1.8 (namba ya uwazi wa lenzi: ikiwa ndogo, lenzi imefunguka zaidi), ambayo kila mpiga picha mwenye mfuko mwembamba anaijua. Mwaka mzima nilipiga mitumbwi, paka, baiskeli zilizoegeshwa, bustani ya Jamhuri asubuhi. Watu wakasifia. Mitumbwi haina shida, haijawahi kuomba ionyeshwe picha.

Mwaka 2019 jirani akaniambia ndugu yake ana sendofu na mpiga picha waliyempanga amewapiga chenga. Nikakubali. Ningesema nilikubali kwa ajili ya kuwasaidia, lakini nilikubali kwa ajili ya sifa. Nikalipwa laki mbili, nikanunua viatu vipya vya kuvaa siku hiyo. Viatu!

Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa vitambaa vyeupe kuanzia darini hadi chini. Bibi harusi mweusi, ngozi ya kung'aa, gauni la zambarau iliyoiva. Nilipomwona anaingia nikasema moyoni leo nimepata. Kamera nimeiacha ijiamulie kila kitu, maana wakati huo ndivyo nilivyojua. Sasa, kamera haijui kwamba kitambaa ni cheupe. Inachojua ni kwamba mbele yake kuna mwanga mwingi mno, na kazi iliyofundishwa ni kuvuta kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Kwa hiyo inapunguza. Vitambaa vikatoka kijivu kama anga la masika, na bibi harusi akatoka hana uso, ana meno na hereni. Nilipoona giza nikawasha flashi, moja kwa moja usoni. Zile za flashi, kila paji la uso lilikuwa linawaka kama sufuria iliyotoka kusuguliwa. Na nusu ya picha za muziki zimetikisika, maana shata, lile pazia la ndani ya kamera, lilikuwa linafunga polepole mno na mimi niko katikati ya shangazi zake wanaocheza.

Nikazituma kwenye grupu la kamati. Kimya. Halafu ukaja ujumbe wa sauti wa dada yake bibi harusi, mkubwa wao, mwalimu: "Jamani, huyu mpiga picha mmemtoa wapi? Mdogo wangu kageuzwa mkaa wa Handeni!"

Walioicheka nilihesabu. Walikuwa 17. Jirani yangu alikuwemo.

Pesa nilirudisha kwa awamu tatu. Kamera nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaipandisha juu ya kabati, ikakaa huko miezi saba. Mtu akiniuliza nilimwambia imeharibika. Nasema haya kwa sababu blogu nyingi za upigaji picha zinaandikwa na watu ambao eti walizaliwa na jicho. Mimi jicho langu nimelinunua kwa laki mbili na aibu.

Iliyonirudisha ni picha ndogo ya mtoto wa dada yangu, nilikuwa nimeibandika dukani kando ya droo ya pesa. Kuna mzee anakuja kwetu kila mwezi kuchukua dawa za presha. Siku moja akaikazia macho.

"Nani kapiga hii?"

"Mimi, mzee."

"Mtoto mzuri. Sasa macho umeyazima kwa nini?"

Sikumwelewa. Akaniita mlangoni, akaniambia simama ndani ya kivuli, uso nje, barabarani. Akatoa kioo kidogo cha kunyolea tulichokuwa tunauza, akanipa nijitazame. Kwenye kila jicho kulikuwa na kidirisha cheupe: mlango wenyewe, na barabara, na anga. "Hiyo ndiyo taa," akasema. "Ikikosekana, umempiga picha maiti." Kumbe mzee alikuwa na studio miaka hiyo ya picha nyeusi na nyeupe, anasafisha picha mwenyewe kwenye chumba cha giza, kamera ya filamu ya roli ya 120 inayotoa picha 12 tu basi. Kwa hiyo hakuwa na anasa yangu ya kupiga mia tatu halafu kufuta. Alisubiri mtu ashushe pumzi, ndipo abonyeze.

Kamera ikashuka kabatini wiki hiyo hiyo.

Hapa ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo, na sina mwingine mkubwa kuliko huu: piga mtu mmoja kila wiki, mahali pale pale, kwa mwanga ule ule. Usihangaike kutafuta majengo mazuri. Mimi nilitumia mlango wa duka, baada ya zamu. Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, jua la mchana linakaa utosini na kuchimba mashimo meusi machoni pa kila mtu. Lakini ukimweka mtu ndani ya kivuli, hatua moja tu kutoka kwenye jua, mchanga mweupe wa barabarani unarudisha mwanga kutoka chini, unaingia chini ya nyusi, unalainisha kila kitu. Bure. Nyuma yake nilitundika khanga. Baadaye nikaja kusoma kwamba Seydou Keïta, yule bingwa wa picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio mwaka 1948, alitundika shuka la kitandani kwake, na kwa kawaida alimpiga mtu picha moja tu kwa sababu filamu ni ghali. Nilicheka peke yangu. Mimi na khanga yangu nilikuwa najiona mshamba.

Nilikuwa na daftari. Mle hakuna majina, kuna makosa. Ukurasa wa tisa umeandikwa: "Fokasi kwenye pua." Ukurasa wa kumi: "Pua tena." Ukifungua lenzi mpaka f/1.8 ukiwa karibu na mtu, pua inatoka kali na macho yanafifia, na kwenye kioo cha kamera huwezi kuona, utaona nyumbani ukiwa umechelewa. Nilipoifunga kidogo hadi f/2.8, na kulenga jicho lililo karibu nami, tatizo likaisha. Mwezi mzima ulipotea kwa namba moja.

Kuhusu mrejesho, hapa nitasema ukweli na mtu akichukia achukie. Magrupu ya wapiga picha hayatakufundisha. Ukiweka picha utapata "moto" tano na vidole gumba. Siku moja nilipata pia bwana mmoja aliyeandika "we dada huna jicho, uza dawa." Niliuza dawa. Na niliendelea kupiga. Yule bwana sijaona picha yake hata moja mpaka leo. "Moto" na "huna jicho" ni kitu kimoja, yote hayakwambii ufanye nini kesho. Uliza swali lenye jibu. Mimi nilikuwa nasafisha picha tatu kwa mwezi, kwenye karatasi, nampelekea mzee. Anafunika nusu ya picha kwa kiganja, ananiuliza, "Hapa kimepotea nini?" Nikisema hakijapotea kitu, anasema, "Basi kilikuwa kinafanya nini humo?" Mara nyingine anasema, "Watu wako wanaficha mikono kama wametoka kuiba." Nikaanza kuwapa watu kitu cha kushika: kikombe, mtandio, kitasa cha mlango.

Lakini mrejesho ulionibadilisha kuliko wote ulitoka kwa mama mmoja anayeuza samaki Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga. Nilimpiga amekaa kwenye ndoo yake, mimi nimesimama. Mwanga mzuri, macho yanawaka, fokasi haina kosa, nikajua hii ndiyo. Nikamwonyesha. Akaitazama muda mrefu, akafuta gamba la samaki kwenye kioo cha kamera yangu kwa kidole gumba, akasema, "Mwanangu, mbona umenifanya naomba?"

Nilipiga magoti pale pale kwenye maji ya samaki. Kamera ikawa usawa wa macho yake. Ni mwanamke yule yule, ndoo ile ile, lakini sasa anauza. Ile ya pili ameitundika kwake.

Kwa hiyo onyesha picha kwa aliyepigwa. Sijui kwa nini wapiga picha wengi wanamwogopa huyo kuliko wote. Muonyeshe, nyamaza, tazama kidole chake kinakwenda wapi. Piga, muonyeshe, piga tena. Najua nimeshasema, narudia kwa sababu najua hamtafanya.

Na kwa kuwa nimeshapanda mimbari, niseme la ngozi. Kila wiki mtu ananiambia, "Dada, nipunguzie weusi kidogo." Sipunguzi. Sisemi hivyo kwa ukali, namwambia kaa kwanza. Rangi nyeusi haitaki kung'arishwa, inataka mwanga mpana wa pembeni, uteleze kwenye shavu, ukae kwenye mfupa. Matone mawili ya mafuta ya nazi yanafanya kazi kuliko programu yoyote ya simu. Ukimweka mbele ya kitambaa cheupe, ongeza mwanga kwenye kamera hatua moja, yaani +1, kwa sababu yenyewe itapunguza. Ukimweka mbele ya mlango wenye giza, fanya kinyume, la sivyo kamera itamnyanyua mpaka atoke rangi ya majivu. Ni hesabu tu. Wala si sisi tuliokuwa wagumu kupigwa picha: kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi zilipima rangi ya ngozi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi za Shirley za Kodak. Mashine ilifundishwa uso mmoja, na sisi tukaambiwa tunatoka vibaya. Wewe mwenye kamera leo huna kisingizio hicho. Ukimtoa mtu mkaa, umeshindwa wewe. Nilishindwa mimi.

Woga haujaisha wote. Hadi leo nikipanga mtu wa kwanza wa siku, koo linakauka. Ninachofanya ni kubonyeza picha mbili za uongo wakati anajiweka sawa, namwambia napima mwanga. Anapumzika, na mimi napumzika. Kichen pati sasa naitwa, maana huko mwanamume mwenye kamera kwa kawaida haingii, na akina mama wanataka mtu anayejua kunyamaza.

Ndiyo huyo Mwalimu akaja Jumamosi. Anastaafu mwezi ujao, mwanawe ameona picha zangu mahali, wakanifuata dukani wanataka ya kutundika sebuleni. Nilimtambua kwa sauti kabla ya uso. Sauti ile nimeisikiliza mara nyingi mno. Yeye hakunitambua kabisa, ameniita "mwanangu" mara tatu, ameulizia wazazi. Nilikuwa nimejiandalia maneno miaka yote hiyo, wakati wa kuosha vyombo, wakati wa kungoja daladala. Nikayatafuta nikayakosa.

Nikamkalisha mlangoni. Nguo ya kijani, khanga nyeusi nyuma, nikapunguza mwanga hatua moja. Nikampa miwani yake aishike mkononi, maana bila kitu alikuwa anakunja ngumi. Nikapiga magoti. Nikasubiri ashushe pumzi.

Nilipomgeuzia kamera aione, alifunika mdomo. "Kumbe nina shingo!" Akamwita mwanawe aje aone. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Kisha akanishika mkono.

"Ungekuwepo wewe kwenye sendofu ya mdogo wangu mwaka ule! Tulipata mtu, mwanangu, sijui alitokea wapi, alituharibia mpaka leo hatuna hata picha moja ya kuweka ukutani."

"Pole, Mwalimu," nikasema. "Inua kidevu kidogo, tupige nyingine."