Barua kwa mwanangu: wengi wape nini?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza jikoni nikisonga bukari, na mara mbili zilizofuata nikiwa nimeketi barazani na miwani yangu. Unaniambia kwamba mwenzako wa kazini huko Johannesburg, mwanamke, anafunga ndoa ya serikali na mwanamke mwenzake, na amekuomba uwe mmoja wa mashahidi wawili watakaotia saini. Kisha unaniuliza jambo ambalo naona limekusumbua kuliko saini yenyewe: majaji wachache wamepata wapi haki ya kuruhusu kitu ambacho watu wengi hawakitaki, na je, uamuzi wa namna hiyo unaweza kudumu? Ukaongeza methali tuliyowafundisha wenyewe, wengi wape. Umeniuliza mimi kwa sababu nilikaa miaka 26 katika ofisi ya eta-sivili hapa Katuba, nikiandika vizazi, ndoa na vifo. Nitakujibu kutoka kwenye meza ile, maana ndipo nilipojifunza ninachokijua kuhusu ndoa.

Yupo mwanamke mmoja ambaye sijapata kumsahau. Alikuja asubuhi moja akiwa na kitambaa cheusi kichwani, na mkononi ameshika cheti cha kanisa kilichokunjwa mara nne. Mume wake alikuwa amefariki wiki tatu kabla. Ndugu wa mume walikuwa wamechukua funguo za nyumba, na pale mume alipokuwa akifanya kazi walimwambia hawawezi kumlipa chochote bila cheti cha ndoa cha komini, yaani cha ofisi ya serikali ya mtaa. Mali ya ndoa ilitolewa, padri aliwabariki, watoto wanne walizaliwa, jirani wote walimwita mke wa fulani. Nilifungua daftari la mwaka ule, nikapitisha rula mstari kwa mstari, naye akiifuata rula kwa macho kutoka upande wa pili wa meza. Nilifika ukurasa wa mwisho, jina lao halikuwamo. Hawakuwahi kuja kuandikisha. Nilirudia tena tangu mwanzo, ingawa nilijua kwamba sikukosea, kwa sababu sikuwa na neno la kumwambia.

Tangu siku ile nilielewa kwamba ndoa ya serikali ni ulinzi kabla ya kuwa sherehe. Haisemi kwamba watu wanakupenda, wala kwamba Mungu amekubariki. Inasema nani anaachiwa nyumba, nani anaruhusiwa kuingia chumba cha mgonjwa na nani anapewa mwili azike. Ukiishika hoja hiyo, hukumu za mahakama utazisoma kwa jicho jingine.

Chukua nchi unayoishi, Afrika Kusini. Marié Fourie na Cecelia Bonthuys walikuwa wanawake wawili walioishi pamoja miaka mingi, wakaiomba mahakama itambue ndoa yao. Tarehe 1 Desemba 2005 Mahakama ya Katiba iliwapa haki, na hukumu iliandikwa na Jaji Albie Sachs, mtu aliyepoteza mkono katika mlipuko wa bomu mjini Maputo mwaka 1988 akipigania uhuru wa nchi hiyohiyo. Mimi nilivutwa na sehemu ambayo pengine wengine waliipita haraka. Sheria yao ya ndoa ya mwaka 1961 ina maneno ambayo maharusi huulizwa, kila mmoja kama anamchukua mwenzake kuwa mke au mume wake halali. Mahakama ilisema kwamba kasoro imo humo, katika maneno hayo machache. Ikalipatia bunge miezi 12 ya kuirekebisha, na ikaeleza kwamba bunge lisipofanya hivyo, baada ya "mke au mume" litasomwa pia neno "mwenzi". Mimi niliyesimama kando ya burugumestri, mkuu wa komini, mamia ya mara akiwauliza maharusi maneno kama hayo, nilitetemeka nilipotambua kwamba watu walikuwa wakiachwa nje ya nyumba zao wenyewe kwa kukosekana kwa neno moja. Bunge halikungoja neno hilo liongezwe na majaji. Lilitunga sheria mpya, nayo ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006.

Sasa, haki hiyo majaji waliipata wapi? Waliipata katika katiba ambayo watu wengi hao hao, kupitia wabunge waliowachagua, waliiandika mwaka 1996. Kifungu chake cha 9 kinakataza kumbagua mtu kwa rangi, kwa jinsia, kwa dini, na pia kwa mwelekeo wake wa kimapenzi. Watu waliotoka katika ubaguzi wa rangi walijifunga wenyewe kwa maandishi, wakijua kwamba siku moja wataudhika na jambo fulani na watatamani kuvunja ahadi. Jaji aliwakumbusha tu walichokitia saini. Basi wengi wape, mwanangu, wape kura, wape serikali, wape bajeti. Lakini methali haikusema uwape pia funguo za nyumba ya mjane kwa sababu wao ni wengi na yeye ni mmoja.

Najua utanijibu kwamba si kila katiba inasema wazi kama hiyo, na hapo una hoja. Huko Marekani mambo yalikuwa magumu zaidi. Jim Obergefell na John Arthur wa jimbo la Ohio walikuwa pamoja miaka mingi, na Arthur alikuwa akifa kwa ugonjwa uliompooza mwili polepole. Jimbo lao halikuruhusu ndoa hiyo, kwa hiyo Julai 2013 walikodi ndege ya wagonjwa hadi Baltimore, wakafungishwa ndoa ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani, kisha wakarudi nyumbani. Arthur alifariki Oktoba mwaka huo. Alichokidai Obergefell mahakamani kilikuwa kwamba katika cheti cha kifo cha mume wake, pale panapoandikwa mwenzi aliyebaki, liandikwe jina lake. Nimejaza vyeti vya vifo vingi mno maishani mwangu. Naijua nafasi ile, naijua ilivyo ndogo, na nimeona watu wazima wakilia walipoona karani amechora mstari mtupu mahali hapo. Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa haki kwa majaji 5 dhidi ya 4, na ndoa hizo zikawa halali katika majimbo yote 50. Jaji Mkuu John Roberts alipinga, akisema kama unavyosema wewe: kwamba jambo kama hilo lingeachwa kwa wananchi na kura zao. Simdharau. Ni hoja ya mtu anayeheshimu wananchi, lakini haimwambii mjane alale wapi wakati wananchi wanajadiliana.

Kuhusu maoni ya watu, historia ya nchi hiyo ina jambo la kushangaza. Mwaka 1967 mahakama hiyohiyo ilifuta sheria za majimbo 16 zilizokataza ndoa ya mweusi na mweupe, katika kesi ya Richard na Mildred Loving, mume na mke waliofukuzwa Virginia kwa kosa la kuoana. Shirika la Gallup lilipowauliza Wamarekani mwaka 1958, ni asilimia 4 tu waliokubali ndoa za namna hiyo, na hata mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya hukumu, waliokubali walikuwa asilimia 20. Mahakama ilitangulia watu kwa miaka mingi, na leo hutamkuta mtu mwenye heshima anayedai kwamba ingesubiri. Katika ndoa za watu wa jinsia moja mambo yalikwenda kinyume chake: waliokubali walikuwa asilimia 27 mwaka 1996 na asilimia 60 mwaka 2015. Safari hii watu walikuwa wamefika kabla ya majaji. Na walifikishwa, kwa ninavyoamini, na kumjua mtu kwa jina lake, mpwa, mwalimu, jirani, kuliko na hotuba yoyote. Huko Ireland, nchi ya Wakatoliki kama sisi, hata hawakuhitaji jaji. Walipiga kura Mei 2015 na asilimia 62 wakakubali.

Je, inadumu? Hapo sitakudanganya. Mwaka 2009 majaji wote saba wa Mahakama Kuu ya jimbo la Iowa, Marekani, waliruhusu ndoa hizo, na mwaka uliofuata wapiga kura waliwaondoa kazini watatu kati yao, akiwamo jaji mkuu. Ndoa zilibaki, waliozifungulia mlango wakaenda nyumbani. Taiwan mahakama iliamua mwaka 2017, wananchi wakapiga kura ya kukataa mwaka 2018, na bunge likapitisha sheria mwaka 2019 kwa sababu hukumu ilikuwa imeweka muda. Jirani zako wa Namibia waliona Mahakama Kuu ikiamua Mei 2023 kwamba ndoa zilizofungwa kihalali nje ya nchi zitambuliwe katika vibali vya kuishi, na mwaka huohuo bunge likapitisha miswada ya kuupindua uamuzi. Hata Marekani, ile asilimia ya waliokubali iliyopanda hadi 71 mwaka 2023 ilikuwa 68 mwaka 2025, na miongoni mwa wafuasi wa chama cha Republican ilishuka kutoka 55 mwaka 2021 hadi 41. Hukumu inaweza kumpa mtu cheti kwa siku moja, lakini jirani ndiye anayeamua kama mwenye cheti hicho atalala usingizi.

Ngoja nikuambie pia kuhusu makarani, kwa kuwa hao ni watu wangu. Mwaka 2015 karani wa kaunti moja ya jimbo la Kentucky huko Marekani, Kim Davis, alikataa kutoa vibali vya ndoa kwa sababu ya imani yake, akalala jela siku tano. Huko kwenu sheria ya 2006 iliwaruhusu maofisa wa serikali kukataa kufungisha ndoa hizo kwa sababu ya dhamiri, na ruhusa hiyo ikafutwa mwaka 2020. Mimi nina dhamiri, na niliandikisha ndoa ambazo moyo wangu uliziona ni za balaa: mzee wa miaka 70 na binti aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza umri, akiwa ameinamisha uso. Niliandika, kwa sababu kalamu ile haikuwa yangu. Karani akianza kuchagua, anayefuata kuachwa nje ya daftari unaweza kuwa wewe.

Kwetu mambo ni tofauti, nawe usije ukayachanganya. Desemba ileile ya 2005 ambayo Jaji Sachs alisoma hukumu yake, sisi hapa Lubumbashi tulipanga foleni kupigia kura ya maoni katiba yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Ibara ya 40 inampa kila mtu haki ya kuoa au kuolewa na mtu amtakaye, wa jinsia tofauti. Nilisimama kwenye foleni ile na mwavuli wangu, nikapiga kura ya ndiyo, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeyazungumzia maneno hayo matatu. Jaji wa Kongo hawezi kuyaruka. Lakini ibara ya 31 ya katiba hiyohiyo inalinda maisha ya faragha ya kila mtu, na ibara ya 12 inasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Kwa hiyo anayempiga au kumtukana mtu wa namna hiyo hapa mtaani akidai kwamba katiba imemruhusu, hajaisoma.

Kanisa letu nalo unajua lilipo. Roma iliporuhusu Desemba 2023 wapadri kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, pasipo kuita baraka hiyo ndoa, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa aliandika Januari 2024 kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba baraka hizo hazitatolewa katika makanisa yetu. Mimi ni Mkatoliki, nami sitaiita sakramenti kile ambacho Kanisa halikiiti hivyo. Lakini mwenzako hakukuomba umpe sakramenti.

Umeniuliza mwishoni kama nitaona haya jina la ukoo wetu likiandikwa kwenye daftari lile. Sitaona haya. Nenda. Vaa vizuri, fika mapema, chukua kitambulisho chako halisi wala si kivuli. Kabla ya kutia saini, soma majina ya wote wawili herufi kwa herufi na uyalinganishe na vitambulisho vyao, tarehe za kuzaliwa pia, na ukiona kosa hata la herufi moja usione aibu kumsimamisha karani, kwa sababu siku mmoja wao atakapobaki peke yake, ataletewa daftari hilo na mtu atapitisha rula juu yake.

Mama yako,
Katuba, Lubumbashi