Mwanao akichaguliwa kwenda taifa, mfuate

Wiki iliyopita baba mmoja wa Ukerewe aliniandikia. Binti yake wa kidato cha kwanza kaingia timu ya riadha ya mkoa, na yeye anataka kumfuata kwenye fainali za taifa za UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Mkewe anasema ni kumwaibisha mtoto. Mwalimu anasema wazazi hawana utaratibu wao kule. "Dada, wewe ulikwenda. Nami niende?"

Nenda, kaka yangu. Nilimjibu hivyo hivyo kwa mkato, halafu nikaona niliandike vizuri, maana swali hili naulizwa na wengi na wengi wao wameshaamua kubaki nyumbani.

Kwa wasionifahamu: nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na binti yangu anakimbia mita 800. Mwaka alioingia timu ya mkoa fainali zilikuwa Tabora, na zikaangukia kipindi cha giza. Mtu wa ziwani ameshanielewa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inapumzika na sisi sokoni tunapiga miayo. Kusafiri wakati wa giza ni kuwaachia wenzako wateja wako. Shemeji yangu akasema mbele ya watu, tena kwenye kikao cha harusi, kwamba nimekosa kazi. Mbio ni za watu wa Mbulu na Singida, mtu wa ziwani ashike kasia.

Nilinyamaza kwa heshima ya kikao. Hapa si kikaoni, kwa hiyo namjibu. Suleiman Nyambui ni mzaliwa wa Majita, huku huku ufukweni kwetu, na mwaka 1980 kule Moscow alichukua medali ya fedha ya mita 5,000. Filbert Bayi akachukua fedha nyingine katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili. Yaani nusu ya hazina ya taifa imetoka ziwani, shemeji. Kasia gani tena?

Habari za mashindano ya shule, kata, wilaya na kambi ya mkoa sitawachosha nazo. Kama mwanao amefika taifa umeshazipitia, na vumbi lake unalijua.

Jambo unalopaswa kulijua kabla hujakata tiketi ni kwamba ukifika kule, mtoto si wako. Ni wa mkoa. Analala bwenini na wenzake, anakula chakula cha timu, anaamshwa na mwalimu. Wewe tafuta gesti yako mapema, na usiende kuomba kitanda kambini. Wala usipeleke chakula. Mama mmoja alifika na kuku wa kukaanga ndoo nzima. Matroni akamshukuru kwa adabu zote, akaipokea ndoo, na kuku wakaishia mezani kwa walimu. Siwalaumu. Tumbo la mtoto likiharibika usiku wa kuamkia mbio, anayeulizwa ni mwalimu.

Unachoweza kumpa, mpe kabla hajaingia kambini. Viatu vya spaiki, vile vyenye meno chini, awe amekwisha kuvizoea, maana vipya vitamchubua. Sidiria ya michezo inayomshika sawasawa. Pedi za kutosha, hata kama kwa hesabu siku zake bado, kwa sababu safari na wasiwasi huvuruga hesabu. Na zungumza na matroni ana kwa ana. Akina baba msiruke aya hii mkidhani ni ya mama zao. Nimemwona msichana aliyeshindwa kumwambia mwalimu wa kiume kwa nini hawezi kukimbia asubuhi hiyo.

Halafu jifunze mchezo wenyewe. Hapa wazazi wengi tunajidhalilisha. Siku ya mchujo nilikaa karibu na mzee mmoja, mtu mzima wa heshima zake, akaruka juu akipiga kelele: "Wanatuonea! Yule wa nje wamemtanguliza!" Watu wakaanza kumuunga mkono. Nikamshika mkono nikamwambia baba, keti nikueleze. Kwenye mita 800 kila mmoja anaanza katika njia yake na kuifuata mpaka wamalize kona ya kwanza. Njia ya nje kwenye kona ni ndefu kuliko ya ndani, ndiyo maana wa nje anasogezwa mbele, kama mita tatu na nusu hadi nne kwa kila njia. Wakishavuka mstari baada ya kona hiyo wako huru kuingia ndani, na hapo ndipo viwiko vinapofanya kazi. Mzee akakaa. Baada ya muda nikamsikia anawaeleza wenzake kana kwamba yeye ndiye aliyepima uwanja.

Jua pia kwamba anayetoka kabla ya mlio wa kuanzia anatolewa hapo hapo. Hakuna kusamehewa mara ya kwanza, na ukilia na waamuzi utamwongezea mtoto aibu.

Siku ya fainali usikimbilie kwenye utepe. Wazazi wote hujazana pale na wanachokiona ni migongo ya walimu. Mimi nilisimama pale kona ya mwisho inapoanzia, mita 200 zikiwa zimebaki, kwa sababu mbio za 800 huamuliwa pale. Tazama mabega. Msichana ambaye mabega yamempanda mpaka masikioni amekwisha, hata kama anaongoza. Binti yangu alifika pale wa tatu, mabega yake chini, uso umetulia, nikasema moyoni medali hii ya kwetu. Alikuwa ameniomba nisimwite jina lake mbele za watu. Kwa hiyo nilipiga kelele za "Mwanza! Mwanza!" pamoja na watu ambao hawakujua kuwa anayekimbia nimemzaa mimi.

Alimaliza wa nne. Msichana wa mkoa mwingine alimpita kwenye hatua za mwisho kabisa.

Watu husema nimeshapoa. Sijapoa. Septemba 2025, Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Nilishangilia kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini kichwani nilikuwa namfikiria aliyemzaa yule wa pili.

Baada ya mbio mtoto alilia kwenye bega la mwalimu wake, mimi nikiwa nje ya kamba namwona. Liliniuma, na nikashukuru vile vile, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Wakati wako utafika jioni. Akija, muulize kama amekula. Mbio atazisimulia mwenyewe akitaka, na asipotaka muache. Pale pale uwanjani nilimwona baba anamfokea kijana wake kwa kuangusha kijiti cha mbio za kupokezana, kijana amesimama hana hata pa kuficha uso. Wewe baba, ulishawahi kupokea kijiti huku unakimbia kwa kasi yote na uwanja mzima unapiga kelele? Basi tulia. Mtoto aliyefika taifa amekwisha kuwashinda watoto wengi wa mkoa wake, na wewe unamrudisha nyumbani akijiona takataka.

Na wenye kuazima watoto nao nawasema leo. Kila mwaka tunasikia habari za mamluki, kijana kamaliza shule zamani anavalishwa sare ya shule asiyoijua na kupewa jina la mtu. Msidhani ni walimu peke yao. Yuko mzazi aliyetoa cheti, aliyekubali umri upunguzwe, aliyesema ni michezo tu. Nafasi ile ilikuwa ya mtoto wa mtu aliyeamka alfajiri kufanya mazoezi. Mungu anawaona, na sisi wa kona ya mwisho tunawaona pia, maana ndevu hazijifichi.

Kurudi, mwache arudi na timu yake. Usiende kumwombea ruhusa eti mpande basi moja mpite Shinyanga kumsalimia bibi. Mwalimu aliyemchukua kwa orodha atamrudisha kwa orodha, na watoto wanahitaji safari yao ya kuimba na kutaniana bila mzazi kwenye kiti cha mbele. Wewe panda treni au basi lako, ulale. Na kama safari yako itakuwa ya Tabora, nauli ya kurudi ifunge kwenye pindo la kitenge kabla hujaingia sokoni, kwa sababu asali ya kule haina huruma na mtu.