Twiga asiye na miguu

Marahaba mwanangu,

Barua yako imefika. Unauliza kozi ikiisha ubaki Barcelona uchore, au urudi Tanga, na umenitajia Marià Fortuny, yule Mhispania wa rangi za maji: aliondoka, akafanikiwa Roma. Sawa. Ila mimi kwa Fortuny hakuniwashi kuondoka kwake. Linaniwasha lile turubai lake, ile picha kubwa ya vita.

Si liko hapo kwenye makumbusho yenu? Mwaka 1860 wakubwa wa Barcelona walimtuma Moroko akaichore vita ya Tetuán, kijana wa miaka 21. Karudi Roma, kaanza picha ya karibu mita 10 kwa upana. Kilichomlisha ni vipicha, vingine vya rangi za maji, Goupil, mfanyabiashara wa picha wa Paris, akivinunua. Kubwa haikuisha. Mwishowe akawarudishia watu fedha yao.

Akarudisha! Mimi advansi ya kuchora ukuta wa shule niliila. Ulikuwa darasa la tatu, unanishikia ndoo. Twiga akabaki bila miguu, na mama yako akauza hereni za bibi yako kulipa. Sikumwomba, niliona tu masikio matupu siku ya Idi. Hadi leo njia ile sipiti. Ingawa shingo ya yule twiga, wallahi, ilikuwa shingo.

Nimekwambia mara ngapi, rangi ya maji haina deni. Mwanga haupakwi, unauacha kwenye karatasi; ukiuziba umeuziba. Ndiyo maana niliipenda kuliko kuta. Basi ungesema rudi, huku karatasi ni ile ile. Lakini nani Tanga atanunua? Na huko wanaonunua, je? Fortuny mwenyewe mwaka wake wa mwisho alikuwa amechoka kuchorea soko, anataka achore apendavyo. Mwaka ule ule, 1874, homa ikamuua Roma ana miaka 36, turubai bado liko kwake.

Ningekuwa mimi ninge... hapana. Mama yako amesoma hadi hapa, amenipokonya kalamu mara mbili. Anasema umeuliza ushauri, si amri. Mimi naona ni kitu kimoja, lakini nanyamaza.

Ukienda tena makumbusho, wakague wale farasi wa Tetuán mmoja mmoja. Uniandikie wangapi wana miguu yote.

Baba yako